Meza ya Dirishani

Watu walimwita Fundi Viti, na kwa miaka ishirini na mbili hakuna aliyeona haja ya kumtafutia jina jingine. Kazi yake ilikuwa kuunganisha viti vya migahawa na baa za katikati ya jiji. Kila mahali palikuwa na siku yake na saa yake, na zote zilikuwa saa ambazo wateja hawapo. Baa ya kona aliiendea asubuhi, sakafu ikiwa bado ina maji ya deki. Mkahawa wa karibu na posta aliuendea kabla haujafunguliwa, wauza kahawa wakiwa bado wanapiga miayo. Na ule mgahawa wa milango ya vioo, mkubwa kuliko yote, aliupa Jumatatu nzima, kwa sababu Jumatatu ulifungwa.

Kwa hiyo wale waliokula na kunywa humo hakuwahi kuwaona. Aliwajua kwa viti vyao. Viti vya baa hufa miguu ya nyuma, maana mnywaji akishaanza kusimulia lazima ajitupe nyuma. Viti vya mkahawa hulegea mbele. Pale hukaa wapenzi, na mpenzi hunywa kahawa akiwa amemwinamia mwenzake, nusu ya makalio iko hewani. Na viti vikubwa vya mgahawa wa vioo, vile vya kuegemeza mikono, hung'oka mikono kwanza, kwani wakubwa wakinyanyuka hupenda kusukuma kitu.

"Nionyeshe kiti," alipata kumwambia mpishi wa pale, "nikwambie mwenyewe ana shida gani."

Alilisema hilo mara moja tu, kisha akaona haya siku nzima. Alikuwa mtu wa haya tangu utotoni, mdomo mzito, wa kuitikia salamu wakati aliyemsalimu ameshavuka barabara. Viti vilimfaa kwa sababu haviulizi habari za nyumbani.

Kila kiti alichokimaliza alikikalia na kuhesabu mpaka mia moja, akisikiliza kama kinalia. Ndiyo ilikuwa desturi yake. Hivyo hakukuwa na kiti hata kimoja katika mgahawa ule ambacho hakukikalia, ila hakuwahi kula humo hata kipande cha mkate.

Kulikuwa na meza moja ya dirishani, yenye viti viwili vilivyopangwa ubavu kwa ubavu vikitazama barabara. Kiti cha kulia kililegea mguu wa nyuma wa kushoto kila baada ya miezi miwili au mitatu, mguu uleule siku zote. Pacha wake, wa kushoto, hakuwahi kuonja gundi tangu aletwe. Fundi alikuwa amejitengenezea mtu kichwani. Alimwona mwanamume mnene, mwenye koti zuri, anayeegemea upande mmoja kwa shibe, anayejulikana na wahudumu wote, anayeletewa supu kabla hajaiomba. Akiwa amepiga magoti chini ya meza ile na patasi mkononi, alimwonea wivu kidogo mtu huyo.

Nyumbani kwake palikuwa na chumba, jiko, na meza iliyosukumwa ukutani. Mezani palikuwa na viti viwili, navyo ubavu kwa ubavu, alivyovitengeneza mwaka aliooa. Mkewe alifariki miaka mitatu iliyopita. Tangu msiba ule Fundi alikula amesimama jikoni, kijiko mkono wa kulia, sufuria mkono wa kushoto, kama mlinzi anayekula huku akiangalia geti.

Binti yake, mtoto wao pekee, alikuwa ameolewa mji mwingine, mwendo wa saa nne kwa basi. Alikuwa mwalimu wa watoto wa chekechea na alikuwa amezoea sauti ile ya darasani kiasi kwamba aliitumia hata kwa watu wazima. Kila Jumamosi jioni alipiga simu.

"Umekula, Baba?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chakula."

"Baba! Chakula gani? Na umekula na nani?"

Hilo la mwisho ndilo lililomshinda. Jumamosi moja, akiwa amechoka kulikwepa, alijikuta anasema, "Leo nimekula nje."

Upande wa pili binti alipiga kigelegele mpaka Fundi akasogeza simu mbali na sikio. Nje wapi? Pale kwenye milango ya vioo. Na nani? Na watu. Watu gani? Watu wa pale, wananijua. Basi, ikawa imetoka, na haikurudi tena. Kila Jumamosi iliyofuata ilidai chumvi kidogo zaidi: meza ya dirishani, mhudumu anayemchekea, supu inayokuja bila kuagizwa, na jamaa mmoja mcheshi ambaye wakati mwingine huja kukaa kwenye kiti cha pili. Fundi hakujiona mwongo. Alijiona kama mtu aliyeazima koti la mwenzake, atalirudisha tu.

Halafu binti akasema anakuja.

"Baba watoto amemaliza chumba cha uani," alisema. "Kina dirisha, kina kitanda. Mimi siwezi kuendelea kulala macho nikiwaza unaishije peke yako."

"Nina kazi, mama."

"Kazi utaikuta hata huku. Sikiliza. Nakuja Jumamosi na begi kubwa, tupu. Unipeleke nikaione meza yako na watu wako. Nikiona kweli hauko peke yako, nitakula, nitafurahi, nitarudi na begi langu tupu na sitakusumbua tena. Nikikuta unanidanganya, nguo zako zinaingia humo na wewe unafuata nyuma. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mwalimu."

Hakulala vizuri wiki ile. Mkwewe alikuwa mtu mwema, dereva wa malori, muda mwingi yuko safarini. Ubaya haukuwa kwa mkwe. Ubaya ulikuwa kwamba kule angekuwa mgeni mpaka kufa: kukaa sebuleni, kuulizwa amelalaje, kusogezewa stuli ya kuwekea miguu. Patasi zake angezitundika ukuta wa nani? Na Jumatatu angeamka aende wapi?

Jumatatu kabla ya safari ya binti, alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliomba msaada. Mpishi wa mgahawa alikuwa mama mwenye mabega mapana na kicheko cha kutikisa vifuniko. Yeye naye alikuja siku ile ya kufungwa, kusafisha majokofu.

"Mama," Fundi alisema, macho kwenye nyundo. "Jumamosi mchana."

"Jumamosi mchana imefanya nini?"

"Nataka kula."

"Njoo ule. Kuna aliyekukataza?"

"Kule." Alionyesha kwa kidevu mlango wa kuingilia ukumbini.

Mpishi aliacha kusugua. "Wewe? Miaka yote hii nakupa chai unainywa umegeukia ukuta kama umeiiba, leo unataka kukaa ukumbini? Umepata mchumba?"

"Ni binti yangu."

Akamsimulia yote, kwa vipandevipande, huku anasugua msasa kitu ambacho kilikuwa kimeshalainika. Mpishi alisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka mpaka akajishikilia jokofu.

"Mzee mzima unadanganya kama mtoto aliyemwaga maziwa! Na jamaa mcheshi juu! Huyo jamaa mcheshi tutamtoa wapi?"

"Huyo anakuja mara chache."

"Haya. Kuna mhudumu mpya anaanza kesho. Nitamfundisha akupokee kama bosi. Meza ya dirishani itakuwa yako."

"Na mwenyewe je?"

"Mwenyewe nani?"

"Anayekaa pale siku zote. Kiti kinaonyesha."

"Mimi ni wa jikoni, baba. Naona sahani zinakwenda zimejaa, zinarudi tupu. Anayezila simjui. Wewe unamjua?"

Fundi alitikisa kichwa. Walikuwa sawa, yeye na mpishi. Kwa jumla ya miaka yao hapakuwa na sura moja ya mteja waliyoweza kuitaja.

Siku ile aligundua kiti kibovu kwenye meza ndogo ya ukutani, chini ya saa. Mguu wa mbele ulikuwa umepasuka kwa ndani, juu kabisa, mahali ambapo jicho halioni. Gundi isingetosha. Ulihitaji mguu mpya, na mguu mpya angeuchonga nyumbani aulete Jumatatu inayofuata. Akafanya kama alivyofanya siku zote: alifunga uzi mwekundu kuunganisha miguu miwili ya mbele, akakisukuma kiti ukutani. Wafanyakazi wote wa pale walijua kwamba kiti chenye uzi mwekundu hakikaliwi.

Jumamosi ilifika. Binti alishuka kwenye basi na begi la buluu, tupu kweli, limelala begani kama shuka.

"Umekonda," alisema kabla hata ya kumkumbatia.

"Nilikuwa hivihivi."

Fundi alikuwa amevaa koti alilolivaa siku ya harusi ya binti huyuhuyu. Njia nzima aliwaza juu ya uma. Kisu alikielewa, ni chombo cha kazi. Lakini uma unashikwa vipi na mkono gani? Akawa amezama humo, miguu ikajiendea yenyewe. Walipita mbele ya milango ya vioo bila kusimama, wakakata kona, wakaingia uchochoro wa nyuma penye mapipa ya taka na paka wawili.

"Baba, tunakwenda wapi?"

Wakati huo mkono wake ulikuwa umeshagonga mlango wa chuma mara tatu, kama unavyogonga kila Jumatatu. Mlango ukafunguka. Mwosha vyombo alitoa kichwa, mikono ina povu.

"Fundi! Leo si Jumatatu!"

Lakini mpishi alikuwa mwepesi kuliko moto wake. Alimsukuma mwosha vyombo kando, akapanua mikono. "Karibu, mzee wetu! Huyu ndiye binti? Karibu, mwanangu, pita. Baba yako ni wa nyumbani, hapiti mbele kama wageni."

"Amemwita Fundi," binti alisema.

"Kwani si fundi?" mpishi alijibu. "Tumwite daktari?"

Wakapita kati ya masufuria yaliyokuwa yakitoa mvuke, wakatokea ukumbini, na hapo Fundi akasimama kidogo. Hakuwahi kuuona ukumbi ule ukiwa na watu. Mlio wa vijiko na maongezi ulimpiga usoni. Alivitafuta viti vyake kwa macho asivione. Vilikuwa vimefunikwa, kila kimoja kina mgongo wa mtu, kina koti lililotundikwa, kina mkoba. Mgongo ule pale unajitupa nyuma. Yule ameinama. Alijisikia kama aliyesoma barua za watu kwa miaka na leo ameingia kwenye nyumba yao.

"Karibu, mzee. Meza yako ipo tayari kama kawaida," alisema mhudumu mpya, mwanamume mrefu, kwa sauti ya mtu aliyekariri. Supu ilikuja kabla haijaombwa.

Fundi alikaa kiti cha kulia, binti cha kushoto. Binti aligusa kioo, akatazama watu wanaopita barabarani, akatazama maua ya karatasi mezani, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyetua mzigo.

"Kwa hiyo ni hapa."

"Ni hapa."

"Hiki changu ni kigumu, kama kipya."

"Hakijakaliwa sana," Fundi alisema, kabla hajafikiri.

"Si unasema kuna jamaa yako mcheshi hukikalia?"

"Siku hizi haji sana. Ana mambo yake."

Binti alicheka. Alisimulia habari za wajukuu, mmoja ameng'oka jino, mwingine amemwambia mwalimu mkuu kwamba shati lake halijapigwa pasi. Fundi alikunywa supu, akasahau kuogopa uma. Kulikuwa na joto la jua kwenye kioo na sauti ya mwanawe pembeni, na kwa dakika chache uongo ule haukuwa uongo.

"Nitamwambia baba watoto chumba kile aweke magunia yake," binti alisema. "Kweli nilikuwa na wasiwasi, Baba. Nilidhani unakufa polepole huku. Kumbe unaishi kunizidi mimi. Mimi nakula na watoto waliosinzia na televisheni."

Alilisukuma begi kwa mguu, likaingia chini ya meza. Ilikuwa imekwisha. Fundi alikuwa amepona.

Ndipo mama mmoja akaingia kwa mlango wa mbele.

Alikuwa mwembamba, wa makamo ya juu, gauni la kijivu lililopigwa pasi vizuri, mkoba mdogo umeshikwa kwa mikono miwili. Alipita katikati ya meza bila kutazama kulia wala kushoto, kama mtu anayetembea ndani ya nyumba yake gizani, akaja moja kwa moja mpaka dirishani. Hatua tatu kabla ya kufika aliwaona. Akasimama. Alitazama kiti cha kulia, akatazama cha kushoto, na kitu fulani kikamzimika usoni.

"Aa," alisema taratibu. "Leo kuna watu."

Mhudumu mpya, ambaye hakumjua, alimkimbilia. "Karibu, mama. Kuna nafasi kule ukutani, chini ya saa."

"Si kitu. Nitakaa huko."

"Anamtafuta mtu?" binti aliuliza.

"Labda," alisema Fundi, akaweka kijiko chini. Alikuwa ameshajua. Yule mwanamume mnene mwenye koti zuri hakuwapo na hakuwahi kuwapo.

Halafu akakumbuka chini ya saa kuna nini.

Aligeuka. Mhudumu alikuwa amekivuta kile kiti kutoka ukutani kwa adabu zote, na miguu yake ya mbele haikuwa na uzi. Mama alikuwa ameweka mkoba mezani. Alishika ukingo wa meza kwa mkono mmoja, kama wanavyofanya watu wenye magoti mabovu ambao hujiachia wote kwa mara moja.

Fundi alilitazama begi la buluu. Alimtazama binti yake, ambaye alikuwa akikata mkate na kutabasamu peke yake. Angeweza kukaa kimya. Labda mguu ungehimili siku moja zaidi. Alijua usingehimili.

"Usikalie!"

Hakujua kwamba alikuwa na sauti kubwa namna ile. Ukumbi mzima ulinyamaza, vijiko vikasimama hewani. Mama alibaki amechuchumaa nusu. Fundi alikuwa ameshafika, koti la harusi limepinda, na kwa mkono wenye mazoea alikipindua kiti, akashika mguu wa mbele kwa vidole viwili, akauvuta. Ukatoka wote.

"Umepasuka kwa ndani," alisema. "Nilikifunga uzi mwekundu. Jumatatu. Uzi uko wapi?"

"Ule uzi?" mhudumu alisema. "Niliukata, nilidhani ni takataka. Hakuna aliyeniambia. Lakini Jumatatu si tunafunga, mzee?"

"Mimi huja mkiwa mmefunga," Fundi alisema. "Mimi ndiye fundi wa viti."

Basi, amelisema. Alilisema mbele ya watu arobaini, akiwa na mguu wa kiti mkononi. Hakuthubutu kutazama nyuma.

"Fundi!" aliita mtu mmoja mnene kutoka meza ya katikati. "Na changu je? Kinalia kila nikigeuka."

"Chako hakina ubaya," Fundi alijibu bila kujua anajibu. "Punguza kukisukuma ukinyanyuka."

Watu walicheka, vijiko vikaendelea. Mama alimshika mkono, mkono wake mwepesi kama karatasi. "Ahsante, baba. Ningevunjika nyonga, na sina wa kuniokota."

"Meza ni yako, mama. Ile ya dirishani. Njoo."

"Mmeshaanza kula."

"Tule wote!" Ilikuwa sauti ya binti, iliyokuja kwa nyuma. "Njoo, mama, tutaongeza kiti cha tatu."

Mama alitazama viti viwili vya dirishani, akatabasamu kwa adabu. "Ahsante sana, mwanangu. Pale huwa nakaa mwenyewe."

Kwa hiyo baba na binti walibeba bakuli zao za supu, wakahamia meza ya karibu na mlango wa jikoni. Kutoka pale Fundi alimwona mama akikaa kiti cha kulia, mkoba magotini. Hakuuweka kwenye kiti cha pili. Akaegemea kushoto kidogo, kama mtu anayemsikiliza mwenzake anayeongea kwa sauti ya chini.

Binti alikoroga supu iliyokwisha poa.

"Jumatatu," alisema.

"Ndiyo."

"Peke yako."

"Na mpishi. Yeye yuko jikoni."

"Na Jumamosi, ninapokupigia?"

"Niko nyumbani. Kula nakula."

"Unakaa wapi?"

Fundi alikipangusa kijiko kwa kitambaa, kikang'aa. "Nasimama."

"Baba. Wewe ni fundi wa viti. Fundi wa viti unakula umesimama?"

"Nikikaa," alisema, "kile kingine kinakuwa ubavuni."

Binti alifungua mdomo, ule wa darasani, akaufunga. Walipoaga, mpishi alichungulia, akaona nyuso zao, akarudisha kichwa chake ndani bila mzaha wowote.

Nyumbani, Fundi hakusubiri kuambiwa. Alilifungua begi juu ya kitanda, akatoa mashati yake mawili mazuri kwenye msumari, akaanza kuyakunja.

"Tulielewana," alisema.

Binti alikuwa amesimama mbele ya meza ya ukutani na viti viwili. "Mama alikuwa anakaa kipi? Nimesahau."

"Cha kushoto."

Akakikalia. Alikaa muda mrefu, viganja juu ya mbao, mpaka Fundi akamaliza kukunja na hakuwa na la kufanya na mikono yake.

"Kinaingia kwenye begi?" binti aliuliza.

"Kiti? Kikiwa kizima hakiingii."

"Na kikifunguliwa?"

Fundi alisogea, akainama, akaangalia chini ya kiti, ingawa alikijua kuliko kiganja chake. Alikuwa amekitengeneza kwa vigingi vitupu, bila gundi wala msumari, kwa majivuno ya ujana. "Kikifunguliwa kinaingia."

"Basi kifungue."

Alikwenda kuchukua nyundo ya mbao. Aligonga kigingi kimoja kimoja, polepole, na kila kiungo alikiandika namba kwa penseli: moja na moja, mbili na mbili. Binti alishika miguu isianguke. Mwisho aliuchukua ubao wa kukalia, akaufunga ndani ya shati lake moja, akaulaza begini.

"Nani atakiunganisha huko?" aliuliza.

"Yuko dereva wa malori."

"Dereva akigusa hiki tutakosana."

"Basi utakuja wewe. Siku mbili. Ukiunganishe, ukikalie uhesabu mia moja kama ulivyokuwa ukihesabu nikiwa mdogo, halafu urudi kwenye viti vyako." Alivuta zipu ya begi, na sauti yake ikawa si ya darasani tena. "Siwezi kukuchukua, Baba. Nimekuona leo umesimama mbele ya watu wote wale. Ningekuweka uani ukiangalia magunia. Lakini usinidanganye tena. Nikikuuliza umekula na nani, sema."

"Nitasema."

"Hata kama jibu ni baya."

"Hata kama ni baya."

Stendi ilikuwa na kelele, kwa hiyo hawakuagana kwa maneno mengi. Binti alikataa kusaidiwa begi. Lilikuwa zito sasa, na pembe ya mguu mmoja ilikuwa imetokeza upande. Fundi alisimama mpaka basi likakunja kona, kisha akasimama tena kidogo.

Aliporudi jua lilikuwa bado liko ukutani. Alipasha wali na maharage. Akiwa jikoni, sufuria mkononi, alijishtukia. Alipakua kwenye sahani, akaipeleka mezani. Upande wa kushoto sakafu ilikuwa na alama nne za duara, safi kuliko mahali pengine. Alivuta kiti kilichobaki, akakaa, akaanza kula.

Nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba alijisikia akitafuna. Alikuwa amefika katikati ya sahani aliposikia mlio mdogo chini yake. Akasimama, akakipindua kiti, akaujaribu kila mguu kwa vidole viwili. Ulikuwa wa nyuma, wa kushoto, umelegea kidogo tu. Alibaki ameushika. Nyundo ilikuwa palepale mezani, hakuwa ameirudisha mahali pake.

Hakuichukua. Alikisimamisha kiti, akakikalia tena, akamaliza wali wake.